Nani Ameitwa? Uhakiki wa Mkutano wa Wazazi wa Elimu ya Awali katika Morogoro na Milima ya Uluguru

1.0 Utangulizi

Katika maandiko mengi ya kitaaluma kuhusu elimu ya awali nchini Tanzania, mkutano wa wazazi hutajwa mara mbili. Mara ya kwanza hutajwa katika sura ya matokeo, ambako mahudhurio hafifu ya wazazi huorodheshwa miongoni mwa changamoto. Mara ya pili hutajwa katika sura ya mapendekezo, ambako serikali, walimu na wadau wengine hushauriwa kuwahamasisha wazazi wahudhurie. Kati ya sura hizo mbili, mkutano wenyewe hubaki bila kuchunguzwa. Haiulizwi umeitishwa na nani, umemwita nani, kwa ajenda gani, saa ngapi na kwa lugha gani. Wala haiulizwi mtu aliyehudhuria ameondoka na kitu gani ambacho hakuwa nacho alipofika.

Makala hii inauhakiki mkutano huo kama vile mhakiki anavyoihakiki matini. Katika matini huwa kuna msemaji, msemewa, lugha iliyochaguliwa na mambo yaliyonyamaziwa. Mkutano wa wazazi nao una mwitaji, mwitwa, mpangilio wa maneno na ukimya wake. Eneo linalohusika ni Mkoa wa Morogoro, hususani vijiji vya Milima ya Uluguru kama vile vya Matombo, Kinole na Mgeta, pamoja na kata za Manispaa ya Morogoro zilizo chini ya milima hiyo. Eneo hilo limechaguliwa kwa sababu linaonyesha kwa uwazi jambo ambalo mahali pengine hufichika: muundo wa familia unaodhaniwa na mkutano wa shule haulingani na muundo wa familia wa watu wanaoitwa.

Hoja kuu inayotetewa ni kwamba kutohudhuria kwa wazazi ni jibu linalopaswa kusomwa kabla ya kulaumiwa. Mara nyingi jibu hilo huwaeleza walimu kwamba mwito umemfikia mtu asiyehusika, umefika katika saa isiyowezekana, au umekuja na ajenda ambayo majibu yake yameshaamuliwa. Anayeumia pale jibu hilo linapopuuzwa ni mtoto wa miaka mitano, ambaye hana kiti katika mkutano wala njia ya kulalamika.

2.0 Ushiriki wa Mzazi katika Sera na Nadharia

Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 1995 iliirasimisha elimu ya awali kwa watoto wa miaka 5 na 6. Sera ya mwaka 2014 ikaifanya kuwa ya lazima kwa watoto wa umri wa kati ya miaka 3 na 5, kwa kipindi kisichopungua mwaka mmoja. Waraka wa Elimu Na. 5 wa mwaka 2015 uliondoa ada, na kuanzia Januari 2016 elimumsingi bila malipo ikaanza kutekelezwa. Idadi ya watoto walioandikishwa iliongezeka ghafla, wakati kiwango cha serikali cha mwalimu mmoja kwa watoto 25 kilikuwa tayari kigumu kufikiwa katika shule nyingi. Mwalimu wa darasa la awali alijikuta akihitaji msaada wa familia kuliko wakati mwingine wowote, huku akiwa na muda mdogo zaidi wa kukutana nazo.

Desemba 2021 serikali ilizindua Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto kwa kipindi cha 2021/22 hadi 2025/26. Programu hiyo inaweka pamoja mambo matano: afya bora, lishe ya kutosha, malezi yenye mwitikio, fursa za ujifunzaji wa awali, na ulinzi na usalama wa mtoto. Jambo linalostahili kuzingatiwa ni kwamba sehemu kubwa ya mambo hayo hutendeka nyumbani. Shule inaweza kutoa uji wa saa nne, lakini haiwezi kumlaza mtoto wala kumwogesha. Haiwezi pia kumsikiliza jioni. Kwa mantiki ya programu yenyewe, basi, mkutano wa shule na familia ni mahali ambapo programu ama hutekelezwa ama hukwama.

Watafiti wengi wanaoandika kuhusu suala hili huegemea kwenye nadharia ya Joyce Epstein, ambaye anabainisha aina sita za ushiriki: malezi, mawasiliano, kujitolea, ujifunzaji wa nyumbani, kufanya maamuzi, na ushirikiano na jamii. Nadharia hiyo ina manufaa ya kupanua maana ya ushiriki hadi nje ya ukumbi wa mkutano. Udhaifu wake, inapotumika Uluguru bila kurekebishwa, ni kwamba inaanza na shule kama kitovu. Familia huonekana kama chombo cha kuisaidia shule, na ushiriki hupimwa kwa jinsi familia inavyokidhi haja ambazo shule imekwisha kuziainisha.

Sherry Arnstein, katika makala yake ya mwaka 1969, alipendekeza kipimo kingine. Alichora ngazi yenye vidato vinane, kuanzia pale watu wanapotumiwa kama mapambo ya maamuzi ya wengine, kupitia kupewa taarifa na kuombwa maoni, hadi pale wanapokuwa na mamlaka ya kuamua. Kwa kipimo hicho, mkutano uliojaa watu unaweza kuwa katika kidato cha chini kabisa. Orodha ya mahudhurio haielezi chochote kuhusu kidato. Hili ni jambo la msingi, kwani taarifa za shule na za miradi huhesabu saini za mahudhurio na kuziita ushiriki.

3.0 Mzazi ni Nani katika Uluguru?

Barua ya mwito huandikwa kwa "mzazi au mlezi". Neno hilo la pili limewekwa kwa nia njema, lakini katika matumizi humaanisha mtu anayekaa na mtoto pale ambapo baba na mama hawapo. Dhana iliyo nyuma yake ni ya nyumba yenye baba, mama na watoto, ambayo ikipungukiwa huzibwa pengo na mlezi.

Waluguru wanafuata ukoo wa upande wa mama. Mtoto ni wa ukoo wa mama yake, ardhi ya ukoo hupitia upande huo, na mjomba, yaani kaka wa mama, ana sauti katika mambo mazito ya wapwa zake. Roland Young na Henry Fosbrooke, katika kitabu chao cha mwaka 1960 kuhusu ardhi na siasa za Waluguru, walionyesha kwamba koo na matawi yake ndizo zilizokuwa msingi wa umiliki wa ardhi na wa uongozi milimani. Katika mpangilio wa aina hiyo, bibi mzaa mama si mlezi wa dharura. Yeye ni mmoja wa wenye mtoto. Mjomba naye si mgeni anayepita. Baba ana nafasi yake ya heshima na wajibu, lakini neno lake juu ya mtoto halisimami peke yake.

Haifai kuligeuza jambo hili kuwa picha ya zamani isiyobadilika. Mamlaka ya mjomba yamepunguzwa na dini, shule, kazi za mshahara, uhamaji na Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971. Katika Manispaa ya Morogoro wanaishi watu wa makabila mengi, na darasa moja la awali la Kichangani au Mji Mpya huweza kuwa na watoto wa Kiluguru, Kipogoro, Kikaguru, Kisukuma na Kichaga. Hata vijijini kuna nyumba ambazo baba ndiye msemaji wa kila jambo. Kwa hiyo kosa la kudhani kwamba kila mtoto ana baba mwamuzi halisahihishwi kwa kudhani kwamba kila mtoto ana mjomba mwamuzi.

Kinachohitajika ni kuuliza. Mwalimu anapoandikisha mtoto anaweza kuuliza maswali matatu mepesi: mtoto huyu hulala kwa nani, nani humwandalia chakula asubuhi, na likitokea jambo kubwa juu yake nani huamua. Katika nyumba nyingine majibu yote matatu yatamtaja mama. Katika nyingine yatataja watu watatu tofauti, mathalani bibi, shangazi na mjomba. Mkutano unaohusu usafi na lishe unamhitaji mtu wa swali la kwanza na la pili. Mkutano unaohusu mtoto kuacha shule, kuhamishwa au kupelekwa hospitali unamhitaji mtu wa swali la tatu. Mwito mmoja kwa "mzazi au mlezi" hukusanya watu bila kujua yupi amekuja kwa lipi, na maazimio yanayopitishwa huweza kuwa ya watu wasio na uwezo wa kuyatekeleza. Bibi anaitikia "ndiyo" ukumbini kwa sababu ya adabu, kisha anarudi nyumbani kusubiri kauli ya mtu ambaye hakuitwa.

Sheria haizuii upanuzi huo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inapomfafanua mzazi haiishii kwa aliyemzaa mtoto. Inamhusisha pia mtu aliyekabidhiwa uangalizi wake. Ufinyu, kwa hiyo, umo katika fomu na mazoea ya shule, na unaweza kurekebishwa na mwalimu mkuu bila kusubiri waraka mpya.

4.0 Historia ya Kuitwa

Mkutano wa wazazi haukuingia Uluguru kama jambo geni. Ulikuta watu wenye kumbukumbu ndefu ya kuitwa. Katika utawala wa Waingereza, baraza lilikuwa mahali ambapo afisa alikutana na viongozi na wananchi. Peter Pels, katika makala yake ya mwaka 1996 kuhusu siasa za Waluguru, alionyesha kwamba katika mikutano ya namna hiyo ilizuka lugha ya kukutania: pande mbili zilitumia istilahi zilezile, lakini kila upande ulizielewa kwa mujibu wa siasa zake. Afisa aliamini kwamba amekubaliana na mtawala wa jadi mwenye mamlaka ya kuamuru. Waluguru walijua kwamba mkuu wa ukoo huongoza kwa kushauriana, na kwamba kukubali kwake barazani hakukuwa kumeufunga ukoo.

Tofauti hiyo ya maana ilidhihirika katika mpango wa matumizi ya ardhi wa Uluguru wa miaka ya 1950. Maafisa walikuwa na sababu ya kweli: miteremko ilikuwa ikimomonyoka, na mito inayoanzia milimani humo hulisha Mto Ruvu ambao maji yake yanategemewa hadi Dar es Salaam. Suluhisho lao lilikuwa matuta mapana ya ngazi, yaliyochimbwa kwa amri. Wakulima walikuwa na njia zao za kulima mitelemko, lakini ujuzi huo haukupewa uzito. Mara nyingi matuta ya amri yalifukua udongo wa chini usio na rutuba na kuuweka juu. Mwaka 1955 upinzani ulilipuka Matombo, na mpango huo ukaachwa.

Mfano huu una uzito katika elimu ya awali kwa sababu mbili. Kwanza, unaonyesha kwamba lengo jema na utaalamu wa kweli havitoshi pale ambapo mwenye shamba hakuulizwa. Afisa wa kilimo alikuwa sahihi kuhusu mmomonyoko, na mwalimu wa awali yuko sahihi kuhusu umuhimu wa kumzungumzisha mtoto. Wote wawili, hata hivyo, huweza kushindwa kwa namna ileile. Pili, unaonyesha kwamba ukimya wa baraza si ridhaa. Watu waliosikiliza amri za matuta bila kubisha ndio waliokuja kuyakataa. Mwalimu mkuu anayefunga mkutano kwa kuuliza "Tumekubaliana?" na kujibiwa "Tumekubaliana" kwa sauti moja, anapaswa kukumbuka kwamba anaendesha mkutano mahali ambapo jibu hilo lina historia.

Jamii hiyohiyo ina utaratibu wake wa kusema ukweli mbele ya watu. Utani baina ya koo za Waluguru, uliochunguzwa na James Christensen katika makala yake ya mwaka 1963, humpa mtani haki ya kumkosoa mtani wake hadharani bila kuzua ugomvi, pamoja na wajibu wa kumsaidia wakati wa msiba. Si lazima shule iugeuze utani kuwa kipengele cha ajenda. Inatosha kutambua kwamba watu wanaonyamaza mbele ya meza ya mkuu wa shule si watu wasio na ufasaha wa kukosoa. Wananyamaza kwa sababu umbo la mkutano halijawapa kibali.

5.0 Ajenda na Uzito wa Michango

Mkutano wa kawaida wa wazazi hufunguliwa na mwenyekiti wa kamati ya shule, hufuatiwa na taarifa ya mwalimu mkuu, kisha taaluma, nidhamu, chakula, na "mengineyo". Katika orodha hiyo, chakula ndicho kinachochukua muda mrefu zaidi, na kwa watoto wa awali ndicho kinachogusa mwili moja kwa moja. Mtoto anayetoka nyumbani alfajiri na kushuka mteremko kwa saa nzima hafiki shuleni akiwa tayari kuimba herufi. Anahitaji uji. Uji unahitaji unga, sukari, kuni, maji na mpishi, na chini ya elimu bila malipo chakula cha wanafunzi wa kutwa kimeendelea kuwa jukumu la wazazi.

Hapa ndipo mkutano unapobeba mgongano ambao haukuuzaa. Serikali imetangaza kwamba elimu ni bila malipo na kwamba hakuna mtoto wa kuzuiwa kuingia darasani kwa sababu ya mchango. Wakati huohuo, shule inatakiwa ihakikishe watoto wanakula, na chanzo pekee kilicho karibu ni wazazi. Mwalimu mkuu hawezi kulazimisha, na hawezi kuacha. Anachobaki nacho ni mkutano, ambamo mchango wa hiari huombwa kwa sauti inayokaribiana na ya amri. Mzazi naye anasikia maneno mawili: redio imemwambia bila malipo, na mkutano umemwambia debe la mahindi. Baada ya mikutano miwili ya namna hiyo, neno "mkutano" linapata maana mpya masikioni mwake. Kuitwa ni kudaiwa.

Wapo watakaodai kwamba mzazi anayekwepa mkutano kwa sababu hiyo anakwepa wajibu wake. Dai hilo lina ukweli kiasi. Mahindi yanayopikwa shuleni yanalishwa watoto wake, na methali ya Waswahili kwamba mkono mmoja haulei mwana inamhusu yeye pia. Hata hivyo, methali hiyo ina pande mbili. Kama mkono mmoja haulei mwana, basi mkono wa familia nao hauwezi kuachwa peke yake, na mkono wa shule hauwezi kuwa ule wa kupokea tu. Mkutano ambao kila mara unaomba na hautoi hesabu huivunja methali unayoitumia.

Athari ya pili ya ajenda hii ni kile kinachokosa nafasi. Mambo ambayo mwalimu wa awali anayafahamu kuhusu mtoto mmoja mmoja, mathalani kwamba huyu hasikii vizuri, yule ameanza kuhesabu kwa mbegu, na mwingine amenyamaza tangu mama yake aende mjini, hayasemwi katika mkutano wa watu 200. Yakisemwa huko yatakuwa aibu. Yasiposemwa popote, mzazi anarudi nyumbani akijua idadi ya madawati yaliyovunjika na asijue lolote kuhusu mtoto wake. Ni vigumu kumshawishi mtu atembee saa mbili kwa ajili ya hilo.

6.0 Muda, Mahali na Lugha

Kalenda ya shule na kalenda ya shamba hazikupangwa pamoja. Milima ya Uluguru hupata vuli kuanzia Oktoba hadi Desemba, na masika kuanzia Machi hadi Mei. Mkutano wa kwanza wa mwaka, ambao kwa kawaida huitishwa baada ya shule kufunguliwa Januari, huangukia kipindi cha kupalilia mazao ya vuli na kuandaa mashamba ya masika. Wakati wa kukomaa kwa mazao, baadhi ya wakulima hukaa kwenye madungu shambani wakilinda mazao dhidi ya ngedere na nguruwe pori. Mgeta, ambako wakulima hutegemea mboga kama kabichi, karoti na njegere, siku ya gulio haiahirishwi, kwa kuwa mboga haisubiri. Mjini hali ni tofauti lakini ugumu ni uleule: mama lishe, mchuuzi wa Soko Kuu la Chifu Kingalu na kibarua wa kiwanda cha kuchakata tumbaku hupoteza kipato cha siku wakiitwa saa tatu asubuhi.

Umbali unaongeza uzito. Kuanzishwa kwa shule shikizi, ambazo kuanzia mwaka 2021 ziliongezewa takriban madarasa 3,000 nchini kwa fedha za mpango wa kukabiliana na athari za UVIKO-19, kulikusudiwa kuwapunguzia watoto wadogo mwendo. Endapo darasa limesogezwa kitongojini, mkutano wa wazazi nao unastahili kusogezwa. Kumwita bibi mwenye magoti mabovu apande hadi shule mama kusikiliza habari za mjukuu anayesoma karibu na nyumbani ni kuupindua mpango wenyewe.

Kuhusu lugha, Kiswahili ndicho lugha rasmi ya kufundishia elimu ya awali, na Waluguru wengi wanakimudu. Tatizo halipo katika kukielewa Kiswahili bali katika aina ya Kiswahili kinachotumika. "Malezi yenye mwitikio", "afua", "viashiria" na "uchangamshi wa awali" ni istilahi za warsha. Mtu aliyelea watoto saba huzisikia na kudhani kwamba jambo linalozungumzwa ni geni na kwamba yeye hana ujuzi nalo, ilhali kumwimbia mtoto mgongoni, kumtegea vitendawili jioni na kumjibu anapouliza jina la ndege ndiyo malezi yenye mwitikio yenyewe. Istilahi hiyo imemnyang'anya ujuzi wake kisha ikamrudishia kama somo. Kwa wazee, mambo hayo yakizungumzwa kwa Kiluguru hurudi mahali pake mara moja, na mwalimu asiyekijua Kiluguru anaweza kumwomba mzazi mmoja amsaidie. Kuomba msaada huo kwenyewe hubadilisha nani ni mjuzi ukumbini.

7.0 Mifano ya Kulinganisha na Pingamizi

Ipo mifano ya karibu inayoonyesha kwamba mpangilio mwingine unawezekana. Programu ya awali ya Madrasa ilianza Mombasa mwaka 1986, ikaenea Zanzibar mwaka 1990 na Uganda mwaka 1993, kwa msaada wa Aga Khan Foundation. Mahali pake pa kuanzia palikuwa jamii: jamii ilikubaliana na programu juu ya wajibu wa kila upande kabla ya kituo kufunguliwa, ikaunda kamati ya uendeshaji, na wanawake wa jamii hiyo ndio waliofunzwa ualimu. Mkutano wa wazazi katika mazingira hayo unakuwa mwendelezo wa makubaliano ambayo watu wenyewe waliyafanya. Nchini Marekani, mpango wa Head Start, ulioanza mwaka 1965 kwa watoto wa familia maskini, ulikwenda mbali zaidi: kanuni zake zinataka wazazi wa watoto walioandikishwa wawe wengi katika baraza la sera la kila programu.

Pingamizi la kwanza ni kwamba mifano hiyo ilikuwa na fedha na wafanyakazi ambao shule ya umma ya Kibungo au Tawa haina. Pingamizi hilo ni la haki, na uhakiki huu haupendekezi kunakili. Kinachoweza kuchukuliwa bila fedha ni mfuatano: makubaliano kwanza, michango baadaye. Pingamizi la pili ni kwamba vyombo vya kisheria vipo tayari, yaani kamati za shule, mkutano mkuu wa kijiji unaotakiwa kukutana kila baada ya miezi mitatu, na Umoja wa Wazazi na Walimu. Ni kweli. Hata hivyo, kamati ya shule ya msingi inashughulikia madarasa yote, na darasa la awali, lenye watoto wadogo kuliko wote na mitihani isiyoheshimiwa na mtu, huwekwa mwisho wa orodha. Pingamizi la tatu, lililo zito zaidi, ni kwamba mwalimu mmoja mwenye watoto 80 hawezi kuendesha mikutano ya vitongoji na mazungumzo ya mzazi mmoja mmoja. Hapa inafaa kukiri kwamba hakuna mpangilio wa mikutano utakaoziba upungufu wa walimu. Hoja inayobaki ni finyu lakini imara: saa chache alizo nazo mwalimu huyo zinatumika vibaya katika mkutano mmoja mkubwa usiosikika kuliko katika mikusanyiko midogo ya watu 15 au 20 baada ya ibada, baada ya gulio, au chini ya mti kitongojini.

Kutokana na uchambuzi huu, mambo manne yanaweza kufanyika katika ngazi ya shule. Kwanza, uandikishaji uhusishe maswali matatu yaliyotajwa, na mwito uelekezwe kwa mtu anayehusika na ajenda. Pili, mkutano wa michango utenganishwe na mkutano wa malezi, na ule wa michango uanze kwa hesabu ya mchango uliopita. Tatu, siku na saa zipangwe na wazazi wenyewe mwanzoni mwa kila muhula kwa kuzingatia mvua na gulio. Nne, kila mkutano wa darasa la awali uanze kwa mwalimu kuuliza, na kwa wazazi kueleza, jambo moja ambalo mtoto ameanza kulifanya nyumbani, ili ujuzi wa familia uingie kwenye kumbukumbu za darasa.

8.0 Hitimisho

Makala hii imehakiki mkutano wa wazazi wa elimu ya awali katika Morogoro na Milima ya Uluguru kwa kuangalia mwitwa, historia ya mwito, ajenda, muda na lugha yake. Imebainika kwamba dhana ya mzazi inayotumiwa na shule ni finyu kuliko familia ya Kiluguru, na ni finyu hata kuliko sheria ya nchi. Imebainika pia kwamba eneo hili lina historia ya mikutano ya amri iliyoshindwa kwa gharama kubwa, na kwamba mgongano kati ya elimu bila malipo na mchango wa chakula umeutwisha mkutano wa wazazi mzigo ambao sera haijautatua.

Watafiti wanaofuata wanahimizwa kuacha kuyachukulia mahudhurio hafifu kama tabia ya wazazi inayohitaji kurekebishwa kwa hamasa. Swali lenye tija zaidi ni kile ambacho waliokosekana walikuwa wakikifanya saa ile, nani aliamua kwa niaba yao, na kama kuna lolote walilolikosa. Pale ambapo jibu la swali la mwisho ni "hakuna", shule ndiyo yenye kazi ya kufanya. Watoto wa awali hukaa katika darasa hilo mwaka mmoja tu. Mkutano ukipotea Februari na mwingine ukapotea Agosti, mwaka wao umekwisha, na mtu aliyestahili kuitwa huenda asijue kamwe kwamba palikuwa na jambo la kusema.